Flash ya Mjomba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeamka na furaha. Ningejua ni dalili mbaya ningerudi kulala.

Kituoni nimewahi. Kituo chenyewe ni chumba kimoja hapa Bigwa, mali ya Mama Anastasia: tunachapa, tunaprinti, tunafundisha kompyuta. Mashine zetu ni za msaada, kuukuu, zinatumia Linux kwa sababu ule mfumo mwingine uliliwa na virusi ukaisha. Mimi ndiye fundi. Mteja akichomeka flash yake, haifunguki. Kinatokea kisanduku kinachotaka nenosiri la mkuu wa mashine. Mkuu wa mashine ni mimi! Mteja anageuka, ananitafuta kwa macho, anasema samahani Mzee Mikidadi. Nainuka taratibu. Nafunika kibodi kwa mkono wa kushoto. Flash inafunguka. Mteja anashusha pumzi, na mimi naletewa shukrani. Leo hadi saa nne: nyanya za Mlali, magimbi, na mchele wa Dakawa kwenye mfuko wa rambo.

Huwa nawaeleza hivi: kuichomeka flash ni kazi ya mkono, kuipachika ili ifunguke ni kazi ya ruhusa. Sisi Waluguru jambo hili halitusumbui. Binti haolewi mpaka mjomba wake aseme. Kompyuta nayo ina mjomba.

Halafu amekuja mwalimu mpya. Jesca. Binti wa Njombe, msomi, ana shikamoo nzuri mno. Hiyo shikamoo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Chai haijapoa, ameshamwambia Mama Anastasia kwamba siku hizi mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anafungua flash yake mwenyewe, kwa kubofya tu, bila nenosiri la mtu. Akasema hapa kituoni ni kama kuna aliyezuia. Mama akauliza ni nani huyo. Nikakohoa.

Uamuzi umetoka hapo hapo. Ijumaa Jesca abadilishe mashine zote. Kisha Mama akanigeukia kwa uso wa huruma, akasema, Mzee wangu, sasa utapumzika.

Chapati imenishinda. Kwetu wanaoambiwa wapumzike ni wastaafu na marehemu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka kabla ya jogoo. Ni mawazo, si magimbi.

Hila ya kwanza: virusi. Nimesimama mbele ya wateja nikaeleza kwa sauti ya msiba yatakayotokea kila mtu akijifungulia flash yake. Nimetaja nchi za nje. Jesca akasikiliza mpaka mwisho, akasema Mzee amesema kweli kabisa. Nikavimba. Akaendelea: ndiyo maana tutaruhusu faili zifunguke, lakini programu yoyote iliyojificha ndani ya flash haitaruhusiwa kufanya kazi. Akachora ubaoni. Wateja wakampigia makofi. Yule wa magimbi alipiga kuliko wote. Nimeyaangalia magimbi yake kwa jicho jingine.

Hila ya pili: haki. Nimeamua Jesca aone kwamba ruhusa yangu haina upendeleo. Bahati akaingia Shadya, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Mwaisha. Anasoma chuo hapa mjini na anakaa kwangu. Laptop yake ilikufa, hivyo ripoti yake ya utafiti ameichapa yote kwenye kompyuta ya kituo. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa kabla ofisi ya chuo haijafungwa. Asipowasilisha anarudia mwaka. Akaomba nimfungulie flash ahamishe ripoti, awe na nakala yake.

Nikasema kwa sauti, ili Jesca asikie, kwamba hapa hakuna undugu, asubiri zamu. Akasubiri. Zamu yake ilipofika mimi nilikuwa nimekwenda kunywa chai.

Jioni nyumbani amenikumbusha. Nikamwambia ripoti iko salama kuliko benki, Ijumaa aiprinti moja kwa moja, flash ya nini? Mjomba yupo. Akaniangalia kwa macho ya mama yake. Mwaisha ananiangalia hivyo tangu nikiwa darasa la nne.

Jumatano, 11 Juni

Sikulala vizuri. Nimeota napumzika.

Lakini nimeamka na hila ya tatu, na hii ni kubwa! Kompyuta yetu ikiwaka, kabla ya kufungua kazi husoma faili moja inayosema ihakikishe vitu gani vipo. Vikikosekana, inagoma. Leo Jesca alipotoka kwenda kununua karanga, nimeongeza mstari mmoja kwenye hiyo faili. Mstari unasema: hakikisha ipo flash ya Mikidadi. Ile nyekundu, yenye kamba ya shanga.

Nimejaribu. Nikaizima mashine, nikaiwasha bila flash. Ikasubiri. Ikasubiri tena. Ikatoa maandishi meupe kwenye weusi na kuduwaa, kama shughuli ya posa ambayo mjomba hajafika. Nikachomeka flash yangu, nikaiwasha upya. Ikaamka ikicheka! Machozi yalinilengalenga.

Nimepita mashine zote, moja baada ya nyingine, kama nesi wa chanjo. Usiku huwa hatuzizimi, hivyo hakuna atakayegundua kabla ya Ijumaa.

Mpango ni huu. Ijumaa Jesca atabadilisha mambo yake kwenye mashine moja, lazima aizime aiwashe. Haitawaka. Atababaika. Mama Anastasia atasema, jamani, mpigieni Mzee Mikidadi. Na Mzee Mikidadi atakuwa mbali, Mkuyuni, na flash iko mfukoni. Watanisubiri. Nitarudi Jumamosi kwa hatua za pole pole. Hakuna atakayetamka neno kupumzika.

Mkuyuni naenda kweli, si uongo. Ijumaa baada ya swala wanakuja washenga kumposa Mwanahawa, dada yake Shadya. Bila jibu la mjomba hakuna posa. Mjomba ni mimi. Yupo pia Halidi, mtoto wa mama mdogo, naye kwa hesabu za ukoo ni mjomba, lakini wa akiba. Amekuwa wa akiba tangu tukiwa watoto na hajawahi kuizoea hali hiyo.

Wiki moja, mahali pawili, wote wananihitaji.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeaga. Jesca akanifuata mpaka mlangoni, akauliza kwa adabu kama kuna jambo lolote kwenye mashine anapaswa kulijua kabla hajaanza kesho.

Nimesema hapana, mwanangu. Nimesema haraka mno. Hata mimi nimejisikia.

Akanitakia safari njema. Akaninunulia na chupa ya maji. Roho imeniuma mpaka Kiroka. Baada ya Kiroka imepoa.

Mkuyuni nimekuta nyumba ya dada imefagiliwa hadi chini ya migomba. Halidi kaketi barazani na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Shikamoo yake kwangu ni ya puani, kama anavuta kamasi. Akaniuliza kama koo langu liko sawa, maana jibu la posa linataka sauti, na kama haliko, yeye yupo. Nikamwambia koo langu halijawahi kuwa sawa kama leo. Akasema anauliza tu, kaka. Kisha akaanza kukohoa kidogo kidogo, kikohozi cha mtu anayejiandaa kuhutubia.

Nimeshika mfuko wa shati kuhakikisha flash ipo. Ipo. Nimeshika tena wakati wa kula. Ipo. Mwaisha akauliza kama moyo unaniuma, mbona nashika kifua kila dakika. Halidi akasogea karibu kwa matumaini.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kabla hata ya kunawa vumbi.

Nyumbani kwa dada simu haishiki mtandao. Lazima upande kwenye jabali lililo juu ya shamba la migomba, juu kidogo ya njia ya kuingilia uani. Asubuhi nimepanda, mkononi kikombe cha chai, nikiwa na hamu ya ile simu ya kubabaika. Nilishapanga maneno yangu: poleni sana, jaribuni kutulia.

Ujumbe umeingia kwa mkupuo. Wa kwanza ni wa Mama Anastasia. Umeme ulikatika alfajiri Bigwa nzima, umerudi, na kompyuta zote hazitaki kuwaka.

Zote! Mimi nilipanga moja!

Wa pili ni wa Jesca. Shikamoo Mzee, samahani kwa usumbufu, mashine zinatafuta kitu nisichokielewa, ukipata nafasi.

Wa tatu ni wa Shadya. Mjomba, ripoti yangu iko ndani.

Kikombe kimeteleza. Wallahi nilikuwa nimeisahau. Mtu mzima, mvi hizi, nimefunga nyumba nzima na mtoto wangu yumo. Na nakala ya flash nilimnyima mwenyewe, kwa jina la haki.

Nimempigia. Analia kile kilio cha kujikaza, ambacho ni kibaya zaidi. Nikamwambia asiogope, mjomba yupo. Akasema hilo ndilo linalomwogopesha. Kwenye kioo kuna maandishi yanayoomba nenosiri la mkuu. Nikasema nitampa, ila ahakikishe Jesca haoni. Akasema, mjomba, nyuma yangu kiko kituo kizima, mpaka muuza mihogo.

Basi. Nimelitoa. Nenosiri langu nililiweka zamani, siku nikiwa na furaha. Nikamwambia: andika mikidadi mkubwa. Hakusikia. Nikapaza sauti: Mikidadi mkubwa! Bado hakusikia. Nikasimama juu kabisa ya jabali, mkono mmoja hewani kutafuta mtandao, nikapiga kelele: MIKIDADI MKUBWA! PAMOJA! BILA NAFASI KATIKATI!

Chini ya jabali, kwenye njia, zilikuwa kofia. Nyingi, nyeupe, zimesimama. Washenga! Wamewahi, waje waswali hapa hapa kijijini. Mzee wao akajibu kwa unyenyekevu, Tumesikia, baba, ndiyo tunakuja.

Shadya akasema imekubali, lakini sasa ni weusi mtupu na kistari kinachopepesa, abonyeze nini? Nikafungua mdomo. Mtandao ukakata.

Nimebaki juu ya jabali. Nikikaa, Shadya anarudia mwaka kwa ajili yangu. Nikiondoka, Halidi anajibu posa ya binti wa dada yangu, na atalisema mpaka kwenye kaburi langu. Nimetafuta njia ya kuwa kote kuwili. Kusema kweli nimeitafuta muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Nimemweleza Mwaisha nusu ya mambo. Ile nusu nyingine ameisoma usoni. Akasema nenda, mtoto kwanza, huku Halidi yupo. Sikutaka alimalizie lile neno yupo. Halidi alikuwa ameshasimama, anajikunjua kanzu.

Bodaboda ni ya kijana anaitwa Jastin. Nikamwambia apige mbio, ni suala la mwaka wa mtu. Akapiga. Nimeshika flash kwa meno, sikuuamini mfuko. Kiroka, pancha. Wakati tairi linazibwa, adhana. Nimeswali Ijumaa Kiroka, akili iko Bigwa, kanzu imebaki Mkuyuni. Sijui nimeswali nini. Mungu anajua.

Nimeingia kituoni nikikimbia, vumbi mpaka kope, flash juu kama mwenge. Nimesema kwa nguvu, NIMEFIKA!

Hakuna aliyegeuka.

Mashine zote zinawaka. Wateja wameinama, kila mmoja amechomeka flash yake, amebofya, imefunguka. Hakuna kisanduku, hakuna kusema samahani Mzee. Mama mmoja alijifungulia yake huku anazungumza na simu!

Jesca ndiye aliyenieleza, taratibu, kama anayempa mtu habari za hospitali. Alikwenda kwake kuchukua flash yenye mfumo mzima wa Linux ndani. Ukiichomeka, mashine inaamkia humo, haigusi mfumo wake wa ndani. Akaingia kwenye ile faili, akaona mstari mmoja mgeni, akaufuta, mashine moja baada ya nyingine. Shadya akaprinti, akakimbia chuo, akawahi. Alikuwa amerudi, amekaa kwenye benchi, anakunywa Fanta.

Nimekaa kando yake. Nilitaka kusema jambo. Akanitangulia, bila hasira, na hilo ndilo limenikata. Akasema, Mjomba, siku nyingine usinisaidie.

Nikasema sawa.

Mama Anastasia akaja, akaniinamia, akauliza kwa sauti ndogo: kumbe zilikuwa zinakungoja wewe, Mzee? Mama akipaza sauti huwa hakuna neno. Ile ndogo ndiyo ya hatari. Akasema tutaongea Jumatatu.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa nahesabu matundu ya bati.

Shadya ananipakulia chakula vizuri tu, ila ananiita Mzee Mikidadi. Neno Mjomba limepotea nyumbani kwangu. Nimesema leo kwamba nilikosea, asubuhi wakati anaosha vyombo, maji yanapiga kelele. Sijui kama alisikia. Sikurudia, isije ikaonekana nalazimisha.

Mwaisha kapiga simu. Posa imekwenda vizuri, sana hata. Halidi alijibu kwa maneno machache, wali ukaliwa ungali wa moto, jambo ambalo halijatokea katika posa yoyote niliyosimamia mimi. Nikauliza kwa mbali kama washenga waliniulizia. Akasema ndiyo, walimuulizia yule mtu wa kwenye jabali. Halidi akawaambia ni jirani.

Jirani!

Kesho Mama Anastasia. Nimepiga shati pasi. Nimelipiga tena. Umri huu nitaanza wapi? Kuuza magimbi? Walionipa watanicheka.

Jumatatu, 16 Juni

Sijafukuzwa.

Mama Anastasia alizungumza na mimi nje, karibu na ndoo za maji, ili nisiaibike. Akasema alitaka kuniondoa. Aliyeniombea ni Jesca. Alisema kuna wateja wazee wanaoniamini mimi kuliko mashine, na kwamba kuzuia flash ni jambo moja, kuwapokea watu ni jingine. Nenosiri la mkuu sasa analo Jesca. Mimi nikae na wateja, niwaelekeze, nisiguse faili yoyote ya ndani. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo wote. Nilipoingia Jesca akanipa shikamoo ile ile, kama vile hakuna kilichotokea. Nikaitikia marahaba huku naangalia sakafu.

Shadya akapita mchana. Ripoti imepokelewa, msimamizi wake ameisifu. Akasema, Mjomba, nimepita kukwambia. Mjomba! Nikatoka nje kidogo, nikajifanya naangalia milima.

Nimerudi ndani mtu mpya. Nimekaa na wateja, nimewaelekeza kubofya. Wamebofya. Flash zimefunguka. Nimefurahi nao, kweli nimefurahi.

Ndipo akaja Anselmi, katibu wa kwaya. Kafungua flash yake mwenyewe, kahifadhi nyimbo za Jumapili, kaichomoa mara moja akaondoka. Baada ya dakika chache karudi amekunja uso. Nyimbo nusu hazipo. Jesca akamweleza kwa upole kwamba flash haichomolewi hivyo, kwanza unabofya kuiondoa, unasubiri mashine imalize kuandika, ndipo unatoa. Anselmi akasema nani atakumbuka yote hayo. Wateja wakacheka, wakasema kweli, nani atakumbuka.

Mimi sikucheka. Nimeketi hapo nikitazama milango yote ya flash kwenye mashine zote.

Kuingia wameruhusiwa wote, na mimi sina neno. Nimeapa. Lakini kutoka? Kutoka hakuna aliyepangia utaratibu! Watu wanapoteza kazi zao, kwaya inaimba nusu wimbo, yatima hawa hawana mtu. Kama kungekuwa na kanuni ndogo tu, hata ya mdomo, si ya ndani ya mashine, kwamba hakuna flash inayochomolewa hapa mpaka mtu mzima mmoja, mwenye uzoefu, ameiangalia na kusema haya, toa. Mteja angegeuka tu. Angesema samahani Mzee.

Nimeanza kuiandika kanuni yenyewe kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, ya kubandika ukutani. Jesca kapita nyuma yangu, akauliza naandika nini. Nimefunika karatasi kwa mkono wa kushoto.